Rangi ya michirizi haiponyi ukuta wenye unyevu

Ufundi wa rangi ya michirizi hauna siri kubwa. Fundi hupaka rangi nzito iliyochanganywa na unga wa mawe au mchanga uliochekechwa, kisha ikiwa bado mbichi huiburuza kwa brashi ngumu, huigonga kwa sifongo au huikuna kwa mwiko. Ikikauka, hupitisha rangi ya pili iliyo nyepesi na kuifuta kwa kitambaa, ibaki kwenye mifereji tu. Hapo ukuta hupata kina. Lakini katika nyumba za Rumonge zilizo karibu na Ziwa Tanganyika, kazi huharibika au kudumu kutegemea jambo lililotangulia brashi: kama ukuta ulikuwa mkavu.

Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kupitia vitundu vyake. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, kwa hiyo lisilaumiwe kwa ule unga mweupe unaochanua ukutani. Ni chumvi ya udongo, ya tofali na ya simenti, inayobebwa na maji na kuachwa juu yanapokauka. Ziwa lilipofurika mwaka 2021 na tena 2024, nyumba za Rumonge ziliingiwa na maji, na ukuta ulioloa hivyo huhitaji miezi kukauka. Ukiufunika kwa rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea, rangi huvimba na kubanduka. Kwenye ukuta laini utakwangua na kupaka upya mahali hapo. Kwenye michirizi kiraka huonekana siku zote, kwa sababu mkono hauwezi kurudia mwendo ule ule. Itabidi kurudia ukuta mzima, kona hadi kona.

Wapo wanaosema michirizi huficha kasoro. Ni kweli kwa nyufa nyembamba na alama za mwiko. Unyevu haiufichi, na mwanga wa dirishani unaopita ubavuni mwa ukuta hukuza kila uvimbe. Wengine watasema chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua, huchafua nguo na huchelewa kukomaa. Chokaa iliyopakwa kiholela, ndiyo. Ikipakwa kwa matabaka membamba, ikinyunyiziwa maji na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma, hufyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Nyumba kongwe za Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe kando ya bahari, zina vidaka na nakshi za lipu ya chokaa zilizodumu tangu karne ya 18.

Kwa hiyo malipo ya kwanza yawe ya kusubiri. Lipu mpya ya simenti ipewe takriban siku 28. Ukuta wa zamani ubandikwe kipande cha nailoni usawa wa goti, kingo zote zikizibwa kwa utepe, kwa siku nzima usiku na mchana. Matone yakionekana nyuma yake, rangi isubiri. Na pale unyevu usipokoma, chokaa ndiyo ichorwe michirizi.