Hesabu Iliyofichika Ndani ya Silabi za Kikorea

Mfalme Sejong wa Korea, alipowatangazia raia zake herufi za lugha yao mwaka 1446, aliwapa mwandiko usiopangwa herufi moja baada ya nyingine mstarini kama huu wetu, bali herufi mbili, tatu au nne hukusanywa ndani ya mraba mmoja, na kila mraba ni silabi: konsonanti hutangulia, irabu hufuata, na pengine chini yake hukaa konsonanti ya kufungia.

Mwandiko huo ulikuwa hesabu kabla kompyuta haijazaliwa. Ndiyo maana hunistaajabisha kwamba kiwango cha taifa cha Korea Kusini cha mwaka 1987 cha kuzipa herufi nambari katika kompyuta, KS C 5601, kilikhitari njia ya daftari, kikaziandikisha silabi 2,350 zilizodhaniwa kutosha, kila moja na nambari yake, na zilizosalia zikaachwa nje. Aliyeihitaji silabi ttom, mathalani, hakuipata katika daftari hilo, ilhali sehemu zake zote alikuwa nazo mbele yake kwenye vibonye.

Unicode, kiwango cha kimataifa kinachozipa nambari herufi za lugha mbalimbali, katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, iliirudia hesabu. Konsonanti tangulizi ni 19, irabu 21, na za kufungia 27, ambazo huwa 28 ukihesabu na hali ya kutokuwapo. Zidisha, utapata silabi 11,172, zote zimeketi kwa utaratibu kuanzia nambari 44,032. Twaa silabi han: h, ambayo ni ya mwisho katika tangulizi, ni 18, maana hesabu huanzia sifuri, a ni 0, n ya kufungia ni 4. Zidisha 18 kwa 21, ongeza 0, zidisha tena kwa 28, ongeza 4, upate 10,588. Jumlisha na 44,032, nawe umefika 54,620, ndiyo nambari ya han. Kurudi nyuma ni kugawanya tu, na baki ndizo zinazokutajia sehemu zake. Daftari halihitajiki tena.

Lakini utaratibu huo ulilipiwa. Toleo lililotangulia lilikwisha kuziweka silabi 6,656 mahali pengine, nazo zikahamishwa zote, hata waraka uliohifadhiwa kwa nambari za kale ukapoteza maana. Fadhaa hiyo ndiyo iliyowafanya wenye Unicode waahidi kwamba herufi ikishapewa nambari haitahamishwa tena. Viti vilivyoachwa, karibu vyote, vilipewa herufi za Kichina mwaka 1999, na leo ukiufungua waraka wa namna ile, badala ya Kikorea utaona safu za Kichina zisizosomeka.