Duma, Magazeti na Amri ya Nane

Msomaji wa Kiswahili akutanaye na jina Duma gazetini humwaza kwanza mnyama wa mbugani mwenye mbio. Kwa Kikuyu, lugha ambayo jina hilo lilitolewa, maana yake ni giza. (Na mwenyeji wa Nairobi asikiapo neno la jirani, nduma, huweza pia kuwaza kiazi kilichochemshwa cha asubuhi.) Kikundi hicho kilianzishwa Nairobi mwaka 2019 na vijana wawili, Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Albamu yao ya kwanza, yenye jina lilo hilo, ilitolewa Agosti 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jina ambalo mzee wa pwani hatalitamka mbele ya wakwe zake. Tumeanza na majina kwa makusudi, maana ndipo waandishi wengi wa habari walipoanzia na ndipo walipoishia.

Sifa kubwa za awali zilitoka katika majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani. Kurasa za burudani za kwetu zilipogeuka kuwatazama vijana hawa, mara nyingi zilivaa miwani ya kuazima: ajabu ya Mwafrika apigaye roki nzito. Lakini ajabu hiyo iko wapi? Katika miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na vikundi vyake vya roki, mashuhuri miongoni mwavyo kikiwa Witch. Mwaka 2016 Edward Banchs alitoa kitabu kizima juu ya muziki wa metali barani Afrika, akianzia Botswana hadi Madagascar, na Kenya ikiwamo. Khanja na Karugu wenyewe walikwisha kupiga katika vikundi vingine vya Nairobi kabla ya Duma. Tena roki ilitoka katika muziki wa watu weusi wa Marekani. Mmoja wa waliotangulia kuipiga gitaa la umeme kwa namna hiyo alikuwa Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji aliyelelewa kanisani. Mwandishi anayewauliza vijana wa Nairobi kwa nini wanapiga muziki wa wageni amekosea swali kabla ya kusikia jibu.

Iko miwani nyingine, nayo imetengenezwa kwetu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa askofu mkuu wa Kikatoliki, na taarifa yake ikatangazwa hadharani mwaka 1999. Tangu siku zile, nguo nyeusi na sauti ya kunguruma hutosha kuanzisha uvumi, na uvumi huuza gazeti. Mwaka 2018 huko Uganda, waziri wa maadili, Simon Lokodo, aliyekuwa padre zamani, alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege. Hatimaye lilifanyika kwa masharti. Wachungaji wanaosoma kurasa hizi wanajua jinsi habari za namna hiyo zifikavyo mimbarini Jumapili inayofuata, zikiwa zimeongezewa chumvi njiani.

Basi muziki wenyewe ukoje? Hauna mpiga ngoma. Ngoma zinatoka mashineni, nazo huenda kasi hata sikio likaacha kuhesabu mapigo, likasikia mngurumo mmoja kama mvua ya mawe juu ya bati. Juu yake pana gitaa lililokwaruzwa, na juu ya gitaa kuna sauti ya Khanja, ambayo hushuka hadi kukoroma kisha ikapanda kuwa yowe. Wamechanganya metali ya kasi mno, kelele za mitambo, na midundo ya elektroniki ya kumbi za dansi, na mchanganyiko huo ndio ufundi wao. Mahali unapofaulu, msikilizaji hawezi tena kusema kipi ni gitaa na kipi ni mashine. Mahali pengine, kwa maoni yetu, kelele imerundikwa juu ya kelele mpaka inachosha bila kutisha. Hilo ni kosa la kisanii, na mhakiki angepaswa kulisema.

Jambo moja ni wazi kwa yeyote aliyeisikiliza albamu hiyo: maneno hayasikiki. Kwa hiyo anayeandika juu ya “ujumbe” wa Duma, awe msifiaji au mshtaki, kwa sehemu kubwa anatumia majina ya nyimbo. Nayo yanachokoza. Wimbo mmoja unaitwa Pembe 666, na hapo mwandishi asiyesoma Maandiko hukimbia. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefafanuliwa Ufunuo 13 anajua kwamba hesabu ile iliandikwa kwa makutaniko madogo yaliyoishi chini ya dola kubwa, na kwamba wafafanuzi wengi wanaisoma kuwa fumbo la Kaisari Nero. Wimbo mwingine unaitwa Sin Nature, yaani asili ya dhambi. Kanisa linalokiri kifungu cha pili cha Ungamo la Augsburg halina sababu ya kushtushwa na kijana anayelitamka jambo hilo kwa nguvu.

Hatusemi kwamba albamu hii ni mahubiri. Upo wimbo ambao jina lake linamwambia mtu ajiue kabla hawajamwua, na hapo sisi tunaowazika vijana waliojitoa uhai hatuwezi kupita kimya. Huenda ni kejeli, huenda ni uchungu. Mtu wa kuulizwa yupo, na swali hilo lina uzito kuliko lile la nguo nyeusi.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther hakuridhika na kusema tusimshuhudie jirani uongo. Alidai tumtetee na kuyafafanua mambo yake kwa upande ulio bora. Wengi hudhani agizo hilo linamtaka mtu kusifu kila kitu. Sivyo. Linamtaka asikilize kwanza, kwa kuwa huwezi kufafanua usichokisikia. Kwa kipimo hicho, mwandishi anayeshangaa tu na mhubiri anayelaani tu wamesimama mahali pamoja: hakuna kati yao aliyeipiga albamu hiyo hadi mwisho.

Angeisikiliza, huenda angefika kwenye swali tunaloliona kuwa kuu. Zaburi ya 88 ndiyo maombolezo meusi kuliko yote katika kitabu chake, na kwa Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Hakuna faraja inayofuata. Hata hivyo mwimbaji yule, tangu mstari wa kwanza, anamwita Mungu kwa nafsi ya pili. Giza lake lina msikilizaji. Yowe la Duma linaelekezwa kwa nani? Magazeti yameuliza vijana hawa wanamtumikia nani, na hayo ni maulizo ya polisi. Wanamlilia nani ni swali la mchungaji, na mwandishi mwema angeweza kulikopa.

Khanja ameendelea peke yake. Aprili 2024 alitoa albamu The Adept kwa chapa yake mwenyewe aliyoiita Haekalu, jina linalorudisha masikioni neno letu hekalu. Aliiweka wakfu kwa Muthoni wa Kirima, ambaye amesema ni mama wa bibi yake, mwanamke aliyekuwa na cheo cha jemadari mkuu katika vita vya Mau Mau. Aprili 2022, nywele ambazo bibi huyo alikuwa amezifuga tangu siku za msituni zilikatwa mbele ya umati na kamera, na habari hiyo ikaenea Kenya nzima. Alifariki Septemba 2023. Waandishi waliofika Nyeri kuandika habari za nywele zile walikuwa wamesimama mlangoni pa habari ya pili, na aliyetoka mlangoni humo alikuwa akipiga mayowe.