Karafuu Zisizo na Mchumaji: Uhakiki wa Vita Vyangu katika Civilization VI

Huenda msomaji akajiuliza: mchezo wa kompyuta unatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi? Swali hilo niliulizwa na wenzangu pia nilipowaambia nitauandikia. Jibu langu ni fupi. Kazi yenye wahusika, mandhari, msuko na migogoro, tena yenye kumkesha mtu mpaka adhana ya alfajiri, ina maudhui. Na ikiwa ina maudhui, basi ina itikadi. Tukiiacha ipite hivi hivi kwa kuwa haikupigwa chapa kwenye karatasi, itakuwa wahakiki tumelala.

Kazi yenyewe ni Civilization VI, iliyoundwa na kampuni ya Firaxis ya Marekani na kutolewa mwezi Oktoba 2016. Ni toleo mojawapo katika mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991. Mchezaji huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na kundi la walowezi na askari mmoja mwenye rungu. Kila taifa hucheza kwa zamu. Unasogeza watu wako, unajenga, unachagua elimu ya kutafuta, kisha unawaachia wenzako nao wacheze. Miaka inakwenda hivyo mpaka 2050. Njia za kushinda ni kadhaa: sayansi, utamaduni, dini, na vita. Mwenye kuchagua vita hana budi kuteka makao makuu ya asili ya kila taifa shindani.

Mie nilichagua vita. Nilicheza wakati wa likizo, nyumbani kwetu Chokocho, kusini mwa Pemba, kwenye kompyuta ya kuazima. Nilikaa barazani. Mbele yangu ilikuwa bahari inayotutenga na Kisiwa Panza, na kando yangu babu na majamvi yake, maana ulikuwa msimu wa karafuu. Naomba msomaji ayaweke akilini mandhari haya.

Jina na itikadi yake

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili mchezo huu ungeitwa "Ustaarabu", na neno hilo kwetu lina kesi yake. Ndani yake mna Uarabu, kama kwamba kustaarabika ni kufuata nyendo za Waarabu. Kinyume chake watu wa pwani waliweka "ushenzi", sifa waliyobandikwa watu wa bara, na wengi kati ya hao waliletwa visiwani wakiwa watumwa. Kwa hiyo hatuwezi kumnyooshea kidole Mmarekani peke yake. Ukuta huo nasi tumeujenga, tena kwa lugha yetu wenyewe.

Mchezo nao una washenzi wake. Hawana mji wala mfalme, na mtu wao hapewi jina. Kwa kanuni za kawaida huwezi kupatana nao. Wanazuka gizani, mahali usipopaona, na ukiivunja kambi yao unapewa dhahabu. Niliwaua wengi sana, na wallahi sikujisikia vibaya hata kidogo. Hapa ndipo fani inapofanya kazi ya itikadi bila kuhubiri. Mwandishi wa riwaya akitaka nimchukie mhusika itambidi anishawishi kwa kurasa nyingi. Mchezo unamnyima mhusika kinywa, kisha unanilipa nikimwondoa.

Vita na starehe

Nilichagua Uingereza, ambayo humo huongozwa na Malkia Victoria, kwa sababu ina nguvu baharini. Mtoto wa Chokocho anapigana vipi nchi kavu wakati meli zipo? Jirani wa kwanza nikammaliza mapema, kwa wapiga mishale na askari wa upanga, kabla hajajenga kuta. Hiyo ndiyo siri ya mchezaji mkali: umpige mwenzio angali bado anafikiria biashara.

Lakini watunzi wa mchezo wameweka kizuizi, nacho nakisifu. Vita vikirefuka, raia wako huchoka. Kila mji una alama za starehe. Zikipungua, kazi huzorota. Zikipungua mno, waasi huzuka kando ya mji, nao huhesabiwa upande wa washenzi. Msomaji na aone ilivyo: mtu aliyekuwa raia wako jana, leo kwa kuchoka na vita vyako amekuwa mshenzi, halali kuuawa.

Ili raia watulie, mshambulizi huhitaji bidhaa za anasa, kama vile divai, hariri na viungo. Hapo ndipo nilipokutana na kwetu. Katika mchezo huu Waswahili si miongoni mwa mataifa makuu. Mji wao wa Zanzibar umo katika kundi la miji-dola midogo isiyoweza kushinda mchezo. Hata kiongozi mwenye sura ya kukutazama haina. Unaipelekea wajumbe. Ukifikisha watatu na ukawazidi wapinzani wako wote, unakuwa bwana wake, nayo inakupa karafuu na mdalasini, bidhaa mbili zisizopatikana popote pengine katika mchezo. Kila moja inatoa alama 6 za starehe, kushinda anasa za kawaida.

Uhusiano huo sisi tunalo neno lake: himaya. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Bendera ya Sultani ikabaki, na sauti ya mwisho ikawa ya mwingine. Huenda watunzi wamelijua jambo hili. Kwa muda wa zamu nyingi karafuu za Zanzibar zilikwenda kuwatuliza watu wa London yangu wasichoke na vita nilivyokuwa nikipigana kwingine. Karafuu zilikuwa baruti yangu.

Kisha Wafaransa wakapeleka wajumbe wengi kuliko mimi. Zanzibar ikawa upande wao, na kwa kuwa nilikuwa napigana nao, ikaingia vitani dhidi yangu. Nilikasirika kweli kweli, kama mtu aliyekosewa adabu. Nikaleta merikebu nne za mizinga, zikaupiga mji zamu tano, kisha askari wa miguu akaingia. Idadi ya wakazi ikashuka na mji ukawa wangu. Papo hapo karafuu zikapotea. Hazikwenda kwa Mfaransa wala hazikuja kwangu. Zilifutika tu, kwa sababu katika kanuni za mchezo ni mali ya uhusiano na mji-dola, na mji-dola nimeshauua.

Babu alikuwa akichambua karafuu, akitenga punje na makonyo. Akaisikia ile mizinga.

"Wapiga nini hapo?"

"Zanzibar, babu."

"Unguja?"

"Imeandikwa Zanzibar tu."

"Na Pemba iko wapi?"

"Haimo."

"Haya. Na karafuu zimo?"

Nikamweleza kwamba zilikuwamo, na kwamba nilipouteka mji zimepotea zote. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaniuliza, hali amekwisha acha kucheka: "Sasa hizo zilizokuwamo, kachuma nani?"

Sikuwa na jibu. Ami yangu alikuwa amekaa ukutani, mkongojo wake umelala mapajani. Aliteleza mkarafuuni msimu mmoja nilipokuwa skuli ya msingi, na tangu siku hiyo hatembei bila mkongojo. Na ada yangu ya mwaka wa kwanza wa chuo ilitoka kwenye magunia ya karafuu za babu. Nilikuwa nimezitumia karafuu zamu baada ya zamu kwenye kioo, na wala haikunipitikia kwamba ndizo hizi zilizonisomesha.

Ukweli na uwongo wa kazi hii

Swali la babu limekuwa kwangu kipimo cha uhakiki wa kazi nzima. Kwanza nikiri ukweli uliomo. Mchezo unasema kwamba mwenye kuteka kwa pupa hukiua kile alichokifuata. Dhamira hiyo ni nzito, na inaingia moyoni kwa kuwa unatendewa, husimuliwi. Tena unaonyesha kwamba himaya na mzinga ni ndugu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza ziliipiga kasri ya Zanzibar kwa muda usiotimia saa nzima, kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Aliyepiga ni yule yule aliyejiita mlinzi, na malkia wake alikuwa Victoria. Mimi nilipoleta merikebu nilidhani natumia akili yangu mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimeshika kalamu ya mwingine, naandika juu ya mistari yake.

Sasa uwongo. Karafuu za mchezo hazina mti. Zinatoka mjini kama maji ya bomba. Karafuu za historia zililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza zipandwe kwa wingi. Mashamba yalilimwa na watumwa, ambao hadhi yao ya kisheria haikufutwa mpaka 1897. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hili. Kwa hiyo swali la babu, "Pemba iko wapi?", si la wivu wa kisiwa kwa kisiwa. Kuiondoa Pemba ni kuuondoa mti, na pamoja na mti anaondoka aliyepanda juu yake.

Fasihi yetu imeshapita hapa. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) Adam Shafi hakutuachia tuitazame kasri peke yake. Alimweka ndani yake Kijakazi, mtumishi mwenye jina na mwili unaochoka, na kwa ajili yake kasri haiwezi tena kuonekana pambo tupu. Civilization VI imejaa makasri, na haina Kijakazi hata mmoja. Huo ndio upungufu wake mkuu wa maudhui.

Hoja ya "ni mchezo tu"

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alipinga. "Ni mchezo tu," alisema. "Mbona bao nalo ni vita, na hulihakiki?" Ni hoja ya haki, na nimeifikiria. Bao la Kiswahili ni mchezo wa zamu, na wachezaji wake ni wakali kuliko mimi. Nao wanakula, wanashambulia nyumba, na wanafurahi kumwacha mtu safu yake ya mbele haina kitu. Lakini tazama kanuni zake. Kete ni 64, na zinabaki 64 mpaka mwisho. Kete unayoila haitolewi ubaoni. Unaipanda upande wako, na zamu ijayo mwenzio anaweza kuirudisha. Bao halidai kusimulia historia ya mtu yeyote, na hata hivyo linakumbuka kila kete. Civilization VI inadai kusimulia historia ya wanadamu wote, nayo inafuta watu kwa kupunguza tarakimu moja juu ya jina la mji. Anayejitwika dai kubwa namna hiyo lazima akubali kuhojiwa kwa kiasi hicho hicho.

Simwambii mtu auache mchezo. Ningekuwa mnafiki, maana nitasema lililofuata. Usiku ule, babu alipokwenda kulala, niliirudia kumbukumbu niliyoihifadhi kabla ya vita. Zanzibar ikawa hai tena. Safari hii sikuipiga. Niliipelekea wajumbe mpaka nikawazidi Wafaransa, karafuu zikarudi, raia wangu wakatulia, nami nikaendelea na vita mpaka nikaiteka Paris. Mchezo ulinifundisha kuwa mshindi mwenye busara. Wala katika busara hiyo sikuona mahali popote pa kumweka ami yangu.

Hitimisho

Kwa ufupi, kifani kazi hii imefaulu sana. Inamfanya msomaji kuwa mtendaji, na inamwadhibu mwenye pupa bila ya mahubiri. Kimaudhui inachechemea, kwa kuwa inaijua thamani ya karafuu kwa anayezila na kwa anayezipigania, na haimjui anayezichuma. Mhakiki atakayeufuata mfululizo huu katika matoleo mengine namwomba aanze pale nilipoulizwa mimi. Kila bidhaa inapotokea kwenye kioo na alama zake, aulize kachuma nani, kisha atazame kama kanuni za mchezo zinaruhusu swali hilo lijibiwe.

Asubuhi yake babu aliniamsha mapema. Karafuu zilikuwa zinasubiri kuanikwa kabla jua halijapanda, na mkarafuu wa nyuma ya nyumba ulikuwa bado haujachumwa. Nikaizima kompyuta, nikachukua kamba.