Wasifu Uliokatizwa Njiani: Howard Hughes katika filamu *The Aviator*

Filamu *The Aviator*, iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 2004, yasimulia maisha ya Howard Hughes (1905-1976), Mmarekani aliyetayarisha filamu, akaunda ndege, na hatimaye akawa mmiliki mkubwa wa hoteli na ardhi. Kwa upande wa fani, sifa ilizopewa ni za haki. Leonardo DiCaprio amemwigiza mhusika mkuu kwa nguvu, naye Cate Blanchett, aliyeigiza nafasi ya Katharine Hepburn, alipata tuzo ya Oscar. Kasoro imo katika muundo: masimulizi yanakoma mwaka 1947, miaka 29 kabla ya kifo cha mhusika.

Kasoro hiyo yagusa maudhui pia. Filamu yaonyesha jinsi *Hell's Angels* (1930), iliyopigwa kwanza bila sauti, ilivyorudiwa sehemu kubwa baada ya sauti kuingia katika sinema. Mtazamaji aongozwa kuona humo ari ya msanii asiyeridhika upesi. Lakini *Jet Pilot*, ambayo Hughes alianza kuitayarisha mwaka 1949, ilitolewa mwaka 1957. Hapo ari yageuka kuwa tabia ya kushikilia: kazi i mkononi mwake, wala haachii.

Tabia hiyo yadhihirika zaidi katika ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hughes alijipatia ekari zipatazo 25,000 magharibi ya Las Vegas. Hakuzijenga. Ni baada ya kifo chake ndipo kampuni ya warithi ilipoanzisha huko mji wa Summerlin, uliopewa jina la ukoo wa bibi yake. Mwaka 1966 alihamia hoteli ya Desert Inn mjini humo. Wenye hoteli walipotaka vyumba vyao, aliinunua hoteli yenyewe mwaka 1967, kisha akaongeza nyingine, zikiwemo Sands na Frontier. Alikaa humo akijificha hadi alipoondoka mwaka 1970.

Scorsese aueleza upweke wa Hughes kama maradhi ya akili, na maradhi yalikuwepo kweli. Ila Las Vegas yaongeza jambo ambalo filamu hailigusi: maradhi hayo yalikuwa na fedha. Mpangaji wa kawaida akiambiwa ahame, huhama. Huyu aliwahamisha wenye nyumba. Kwa kukatiza hadithi mwaka 1947, filamu yamwacha mtazamaji amhurumie mgonjwa bila kumhoji tajiri.

Utenzi wa sifa una ruhusa ya kuchagua matendo yanayong'aa. Wasifu hauna ruhusa hiyo. *The Aviator* yajitokeza kama wasifu, lakini mpango wake ni wa utenzi wa sifa. Na kwa kipimo cha wasifu, imeacha nje nusu iliyo nzito zaidi ya maisha inayoyasimulia.