Kumbukumbu iko, lakini nani atamwambia wakala aifungue?

Bandugu wahitimu, leo haiko kitabu. Tuchambue maandishi mafupi sana, ya sentensi moja moja, ambayo wengi wenu hamjayaona kwa sababu hayakuandikiwa watu. Ni maelezo ya vyombo vya akili bandia. Programu inayasoma, halafu inaamua yenyewe: nitumie chombo hiki ao nikiache?

Mwezi wa 11 mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu wa wazi unaoitwa Model Context Protocol, wa kuunganisha mawakala wa akili bandia na vyombo vya nje. Kila chombo kinajitambulisha kwa jina, maelezo na orodha ya vitu vya kuingiza. Basi. Wakala haoni kilicho ndani, anaona paka hayo. Pamoja na utaratibu huo ilikuja mifano, na mmoja ni wa kumbukumbu: majina ya watu na vitu, uhusiano wao na maneno yaliyosemwa juu yao vinaandikwa katika faili, ili kikao kipya kianzie pale cha zamani kilipoishia. Wazo ni zuri sana. Maelezo njo yanalemaa.

Tuanze na chombo kinachoitwa read_graph. Maelezo yake yanasema kwamba kinasoma grafu nzima ya maarifa. Ni kweli, lakini kweli hiyo haimsaidii msomaji wake. Wakala anayefungua kikao hajui kama jana kulikuwa kikao. Aliyesahau kila kitu hajui hata kama amesahau, sasa atatafuta nini? Agizo la kufungua kumbukumbu mwanzoni mwa kila mazungumzo lipo, sikatai, ila liliwekwa katika mwongozo wa mtumiaji, kama maneno ya kupendekezwa ambayo yeye anapaswa kuyanakili mahali pengine. Asiponakili, faili inajaa na hakuna anayeifungua.

Sisi wa Haut-Lomami tungepaswa kuliona kosa hili mbele ya wengine. Tuko na lukasa, ubao wa mkononi wenye shanga na simbi, ambao watu wa chama cha Mbudye walisimulia nao habari za Nkongolo Mwamba, Kalala Ilunga na wafalme waliofuata. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikatembea juu ya shanga. Mupe lukasa mtu mwenye diploma yake nzuri ya Lubumbashi: ataona shanga. Ubao haukuhitaji maelezo kwa sababu maelezo yalikuwa katika mafunzo, na mtu wa Mbudye alifundishwa hatua kwa hatua. Wakala wetu hakupita mafunzo yoyote ya chombo hiki. Ile sentensi moja njo mafunzo yake yote.

Chombo cha kutafuta kina shida nyingine. Tuseme katibu wa shirika la wakulima hapa Kaniama alimwambia wakala, wiki iliyopita, bei ya mfuko wa mahindi waliyokubaliana na mnunuzi wa Mwene-Ditu. Leo kamio inapakia, dereva anapiga honi, katibu anaandika: "Tuendelee na ile ya maïs, bei tulisema ngapi?" Wakala anatafuta "bei ya maïs". Maelezo yalimwambia utafutaji unapita wapi (majina, aina, maneno yaliyohifadhiwa) lakini hayakumwambia unapita namna gani. Katika toleo la kwanza chombo kinalinganisha herufi tu. Faili iko na "mahindi", haiko na "maïs". Jibu linarudi tupu, na wakala anasema kwa adabu kwamba hawajawahi kuzungumza jambo hilo. Ao mbaya zaidi, anabuni bei.

Na hata akiipata, ni bei ya lini? Maneno yanahifadhiwa bila tarehe, na maelezo yananyamaza. Bei ya wakati wa mavuno na bei ya wakati wa njaa si bei moja. Wale vijana wa Kinshasa walioletwa Kaniama-Kasese kwa Service National wako na Lingala yao, ambamo lobi ni jana na tena ni kesho. Kati ya watu, mazungumzo yanakuonyesha ni ipi. Faili haiwezi.

Mimi ningeandika hivi: "Soma kumbukumbu za vikao vilivyopita na mtu huyu. Ita chombo hiki kabla ya jibu lako la kwanza katika kila kikao kipya, na tena kila anapotaja jambo kana kwamba unalijua: 'ile ya juzi', 'tuendelee', 'sawa vile tulisema'. Maneno utakayopata hayana tarehe. Bei na hesabu uzihakikishe naye. Ikirudi tupu, mwambie hakuna kilichohifadhiwa, usibuni." Na kwa kutafuta: "Tumia neno moja, herufi zinalinganishwa jinsi zilivyo. Ukikosa, jaribu mahindi, muhindi, maïs, mbele ya kusema hakuna."

Najua mafundi watasema ni marefu. Maelezo ya vyombo mara nyingi huingia katika mazungumzo, yanakula nafasi na makuta. Ni hoja ya haki. Lakini mfano huu uko na vyombo tisa, na vingi vinaeleweka kwa jina tu, hapo mukate. Maelezo ya kufuta, kwa mfano, ni mafupi na ni mazuri: yanasema ukifuta jina, uhusiano wake unaondoka nalo. Aliyeandika pale alifikiria kitakachomfikia msomaji wake kisha kutumia chombo. Halafu akafika kwa open_nodes, akaandika kwamba kinafungua kwa majina, na hakujiuliza wakala aliyeamka sasa hivi atayatoa wapi majina hayo.