Diploma na shimo: juu ya kitabu «Tram 83»

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongo waliomaliza universite walihesabika, tena kazi iliwangoja. Leo ni wengi, nao ndio wanaoingoja kazi.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa kitabu hiki kwa Kifaransa mwaka 2014. Katika baa ya mji mmoja wa madini anawaketisha pamoja wanafunzi na wachimbaji. Tunamsifu, kwani ni kweli: nasi tunawajua vijana wa Katanga waliotoka darasani wakashuka shimoni na diploma yao.

Lakini tunamlaumu kwa neno moja. Katika kelele nyingi za baa ile, sababu hazisikiki vizuri. Gécamines, iliyolisha jamaa nyingi, ilianguka miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Universite zikazidi kutoa diploma, kana kwamba bwana wa kazi angali mlangoni. Msomaji anacheka, anafunga kitabu, na kijana amebaki shimoni.

Kutoa dawa si kazi ya mwandishi, tunakubali. Ila aliyetuonyesha jeraha vizuri hivi, angetuonyesha na kisu.