Mufalme Anayeuliza: Namna ya Kuzungumuza Juu ya Dawa za Wachina

Kitabu kikubwa cha zamani cha utabibu wa Wachina, Huangdi Neijing, kinaanza na ulizo. Mufalme wa Manjano anataka munganga Qibo amueleze sababu gani watu wa kale walifikia miaka 100 bila kulegea, na wa sasa wanachoka mapema. Qibo anajibu, mufalme anauliza tena, na hivyo hivyo kitabu kinaendelea. Sehemu yake ya kwanza inaitwa Suwen, na ndani ya jina hilo mumo neno “kuuliza”. Maandiko hayo yalikusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita.

Sisi si waganga. Tunakisoma kama watu wa desturi, watu wanaojua barza ni nini. Tena tunakisoma kwa sababu katika miji yetu mazungumuzo juu ya dawa za Wachina yanaharibika haraka. Mutu anakuja na ulizo moja tu: mama yake anaumwa mugongo, je, masindano ya Wachina yanaweza kumusaidia? Hajamaliza kusema, mumoja anamukatiza kwamba ile yote ni biashara ya uongo. Mwingine anapandisha sauti, eti lopitali ndiyo inaua watu, dawa ya miti haina sumu. Yule aliyeuliza ananyamaza, kisha anaenda kununua chochote muuzaji atamupatia. Wale wawili wanabaki na kelele yao. Hasara ni ya mama mwenye kuumwa.

Katika Neijing kuna jambo moja linatupendeza sana: mwenye nguvu ndiye anauliza. Mufalme haoni haya kusema hajui, na anamuita Qibo kwa jina la heshima, Tianshi, mwalimu wa mbinguni. Lakini tusifiche kasoro. Katika sura nyingi Qibo hashindwi kamwe. Ana jibu kwa kila kitu, na mufalme karibu kila mara anasema ni vema. Hakuna mutu wa tatu anayeingia kusema: mimi nilifanya vile ulifundisha, na mugonjwa wangu akafa. Ni kuelekea mwisho tu, katika sura 77 na 78, mambo yanageuka. Pale mufalme ndiye mwalimu, Leigong ndiye mwanafunzi, na kinachozungumuzwa ni makosa ya waganga. Kosa moja ni kumupima mugonjwa bila kujua kama zamani alikuwa mutu mukubwa na sasa ameanguka, ao alikuwa tajiri na sasa ni maskini. Maana huzuni ile inaweza kuwa ndiyo mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Kwa maoni yetu sura hizo mbili zinashinda nyingi zilizotangulia.

Waganga wa nyuma hawakushika mufano huo sikuzote. Katika muji wa Suzhou, karne ya 18, walikuwako wawili wenye sifa, Ye Tianshi na Xue Shengbai. Inasimuliwa (ni hadisi, nasi tunaitoa kama hadisi) kwamba walichukiana juu ya mugonjwa mumoja: Xue alisema hatapona, Ye akamuponyesha. Basi Xue akaita nyumba yake Fagia Majani, kwa sababu jina Ye maana yake ni jani. Ye naye akaita yake Kanyaga Teluji, kwa sababu Xue inasikika kama teluji. Wakubwa wazima, na elimu yao yote! Kisha mama ya Ye akagonjwa, na mutoto wake akaogopa kumupa mama muzee dawa ya nguvu. Xue alipopata habari alisema dawa ile ndiyo inayofaa. Maneno yakamufikia Ye, akaitoa, mama akapona, wakapatana. Leo wote wawili wanahesabiwa kati ya wakubwa wa elimu ya magonjwa ya homa katika utabibu wa Wachina. Angalia kilichowapatanisha: si adabu ya mudomo, ni mugonjwa aliyelala kitandani.

Ugomvi mukubwa zaidi ulikuja mwaka 1929. Yu Yunxiu, munganga aliyesomea Japani, aliweka mbele ya baraza la afya la serikali ya Nanjing shauri la kuondoa utabibu wa kale. Tarehe 17 Machi wajumbe wa waganga na wauza dawa walikutana Shanghai kupinga, na shauri lile halikutimizwa. Siku ile inakumbukwa kama siku ya kushinda. Lakini sisi tunaona jambo la maana zaidi lilitangulia. Mwaka 1917 Yu alikuwa ametoa kitabu cha kuchambua Neijing, akionyesha kwamba yale inayosema juu ya ini, moyo na mafigo hayapatani na mwili unaopasuliwa. Mwaka 1922 Yun Tieqiao akamujibu. Yun alikuwa mwandishi, aliongoza gazeti la hadisi huko Shanghai, na aliingia utabibu kisha kufiwa na watoto wake. Angeweza kutukana. Yeye alieleza kwamba viungo vya Neijing si vile vya nyama, ni viungo vya majira manne ya mwaka, na kwamba ndiyo namna ya kuvisoma. Jibu hilo halitutoshelezi. Linaacha mulango mukubwa wazi: mutu anaweza kukimbilia humo kila mara asipotaka kupimwa. Lakini Yun alisoma yale mwenzake aliandika, na alijibu lile lililoulizwa. Ni wangapi kati yetu wanafanya hivyo?

Sasa kuna wale wanaofikiri kwamba kukaribisha watu ni kukataza habari mbaya, ili mutu asikasirike. Hao watazame Bruxelles. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanamuke waliofuata matunzo ya kupunguza unene katika kliniki moja walianza kuharibika mafigo, na waganga wakatangaza jambo hilo mwaka 1993. Muzizi mumoja ulichukua nafasi ya mwingine: Aristolochia fangchi mahali pa Stephania tetrandra, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanafanana. Wagonjwa walipita 100, wengine wakahitaji figo la mutu mwingine, wengine wakapata kansere. Ni rahisi kusema ni kosa la Wazungu wasiojua miti. Lakini miti ya jamaa ya Aristolochia ilikuwa ndani ya desturi yenyewe, na China ilikataza guanmutong mwaka 2003, na guangfangji mwaka 2004. Mwenye kuleta habari kama hiyo kwenye barza hakuja kutukana wazee. Apewe kiti.

Kwetu hapa jambo hili haliko mbali. Katika karne ya 4 Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa aloweke majani ya qinghao ndani ya maji, akamue, anywe. Mwaka 1971 Tu Youyou, aliyekuwa anashindwa na majaribio yake, alirudilia andiko lile na kuona halisemi kuchemusha. Akatoa dawa kwa eteri, kwa joto dogo, ikafaulu. Mwaka 2015 akapewa zawadi ya Nobel. Inchi yetu ilichagua dawa za jamaa hiyo kwa malaria tangu 2005. Na pia wako kati yetu wanaokunywa chai ya Artemisia, ingawa OMS ilisema mwaka 2019 kwamba haikubali kuitumia namna hiyo. Juu ya chai ile watu wanagombana sana: wenye kupanda muti wanakasirika, wenye diplome wanacheka. Tungependa kusikia mumoja wao akimuuliza mwenzake, kwa sauti ya kawaida: unatia majani kiasi gani? Maji yana moto kiasi gani? Kisha siku ngapi ulipima damu, na ulikuta nini?